Mtu wa Nne wa Oldonyo Sambu

Kandida Massawe hakuwa mtu wa kuamini kitu kabla hajakishika kwa mikono yake. Miaka mingi ya ufundi wa ndege katika uwanja mdogo wa Kisongo ilimfundisha hivyo: rubani akisema injini iko sawa, unaifungua, fundi mwenzako akisema amekaza nati, unachukua spana unaikaza tena. Kwenye hanga tabia hiyo ilimpa heshima. Nyumbani kwake Kaloleni ilikuwa imemkosanisha na wapangaji, na shemeji zake, na hata na mwenyekiti wa jumuiya yake ya kanisani, ambaye hadi leo humsalimia kwa kichwa tu.

Siku moja ya gulio alikwenda Tengeru kununua ndizi za mtori. Akipita kwenye vibanda vya mafundi, aliona kwa Ebenezer, mmiminaji sufuria, rundo la aluminiamu chakavu linalosubiri kuyeyushwa. Juu ya rundo kulikuwa na kipande kipana kilichopinda taratibu kama mgongo wa samaki. Ribiti zilikuwa zimepangwa kwenye mistari iliyonyooka, na upande wa ndani kulikuwa na mabaki ya rangi ya kijani kilichopauka.

Kandida aliweka kikapu chini.

"Hii umeitoa wapi?"

"Skrepa tu, mama," Ebenezer alisema, huku akiendelea kupuliza moto.

"Skrepa ya nini? Hii ni ngozi ya ndege."

Wazo lake la kwanza lilikuwa wizi. Aliwafikiria vijana wa hanga mmoja mmoja, akiwapima. Lakini alipokigeuza kile kipande aliona kwamba ribiti zile ni za kizamani, za aina ambayo yeye mwenyewe aliiona kwenye picha za chuoni tu, na pembeni palikuwa na kibati kidogo kilichogongwa namba. Ebenezer alipoona yule mama hataondoka, alimtajia aliyemletea: kijana wa Oldonyo Sambu anayeitwa Lesian.

Kandida alikinunua kipande chote, akapiga picha ile namba, akawatumia watu wa chama kimoja cha ng'ambo wanaofuatilia ndege zilizopotea wakati wa Vita vya Pili. Jibu lilikuja haraka kuliko alivyotegemea. Namba ilikuwa ya ndege ya jeshi, ya kubebea mizigo, iliyoruka kutoka Nairobi mwaka 1943 kwenda kusini, ikaingia kwenye mawingu na isionekane tena. Ilikuwa na watu watatu: rubani, mwongoza njia na fundi wa redio. Walitafutwa upande wa Kilimanjaro, kwa sababu ndiko walikodhaniwa kupita. Hakuna aliyefikiria Meru. Familia zao, yule mtu wa chama alisema, hazijaacha kuuliza.

Kisha akampigia Lesian simu.

"Nani kakupa namba yangu?"

"Uliyemuuzia bati."

"Mimi sijaiba kitu."

"Sijasema umeiba. Nataka unioneshe lilikotoka."

Ilichukua wiki kadhaa kupata kibali, kwa kuwa mahali penyewe palikuwa ndani ya msitu wa hifadhi. Walipanda asubuhi yenye baridi, Kandida, Lesian na askari wa hifadhi wawili, wakapita mashamba ya viazi na ya mahindi, wakaingia kwenye mierezi yenye ndevu za kuvu. Ndege ilikuwa imelala kwenye korongo lenye minyaa na majani marefu. Bawa moja lilikuwa limekunjwa chini yake. Sehemu ya mbele ilikuwa imebondeka kwenye mwamba, na humo, chini ya vyuma, ndimo walimokutwa watatu wale, au kilichobaki cha watatu wale. Askari walivua kofia. Kandida alifanya ishara ya msalaba.

Kisha alizunguka nyuma, kwa sababu fundi hawezi kuondoka bila kuzunguka nyuma. Ubavuni mwa ndege kulikuwa na kiti cha kukunjua, kile cha abiria wa kubahatisha. Kilikuwa kimekunjuliwa. Mkanda wake ulikuwa bado umefungwa kwenye kishikizo, lakini kando ya kishikizo ulikuwa umekatika. Aliushika, akauangalia kwa miwani. Mkanda uliokatika kwa kuvutwa huwa na nyuzi ndefu zilizochanika ovyo. Huu ulikuwa na mdomo ulionyooka.

Huu ulikatwa kwa kisu.

"Nani alifika hapa kabla yetu?" alimuuliza Lesian.

"Ng'ombe," Lesian alisema, akaangalia kwingine.

Tangu dakika hiyo Kandida hakuwaza kingine. Chama cha ng'ambo kilisema watu ni watatu. Ndege ilisema wanne. Na yule wa nne alikatwa mkanda na mtu mwenye kisu, kisha hakuonekana tena.

Waliteremka hadi kwenye boma la mzee Lerionka, baba mkubwa wa Lesian. Kandida aliona kabla hata hajakaribishwa: ndama walikuwa wananyweshwa kwenye hori la aluminiamu lenye mistari ya ribiti. Mzee Lerionka alikuwa mrefu, mkavu, na fimbo yake ameilaza magotini. Pembeni yake aliketi dada yake mkubwa, bibi Nashipae, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia lakini masikio bado.

"Shikamoo baba. Shikamoo bibi."

"Marahaba," mzee alijibu. "Mmekuja kupima?"

"Kupima nini, baba?"

"Mpaka. Kwanza wanakuja kuangalia kitu porini. Halafu kitu hicho kinakuwa cha serikali. Halafu zinakuja bikoni za upimaji, na bikoni zinatembea mpaka mlangoni kwangu. Ninawajua."

"Mimi ni fundi wa ndege. Natafuta watu waliokufa. Kuna mmoja hayupo."

"Kama hayupo kule, na hapa hayupo."

Alisema haraka mno, au hivyo ndivyo Kandida alivyoona. Wakati wa kuondoka alipita kando ya zizi, akaona lundo la mawe chini ya mti wa oloirien, mzeituni wa porini, na juu yake majani mabichi yaliyowekwa asubuhi ileile, bado yana umande. Aliuliza ni kaburi la nani. Mzee Lerionka akajibu kwamba ni la marehemu baba yake. Lakini upande wa pili wa nyumba kulikuwa na kaburi la saruji lenye msalaba, kwani walikuwa Walutheri tangu zamani, na jina la baba yake Lerionka lilikuwa limechorwa pale kwa herufi ambazo hata mtu aliyepita barabarani angezisoma.

Kandida alisimama baina ya makaburi hayo mawili kwa baba mmoja. Mzee alijua ameona.

Bibi Nashipae aliinua kichwa. "Alikuwa anasema Tengeru," alitamka ghafla. "Tengeru, Tengeru. Neno hilo tu."

"Nani, bibi?"

"Nyamaza, dada," Lerionka alimkatiza kwa sauti ya chini, akaendelea kwa Kimaa, na bibi akanyamaza.

Njiani kurudi mjini Kandida aliyapanga yale aliyoyaona kama anavyopanga vyuma mezani. Kisu. Hori la ndama. Mzee anayedanganya. Na hilo la Tengeru: mwanajeshi aliyeanguka na ndege ya kwenda kusini angeijulia wapi Tengeru? Aliona wazi kwamba bibi kalitupa neno hilo ili kumpeleka mbali na boma lao. Kesho yake alikwenda kituo cha polisi akaeleza yote, na alivyoeleza, hakusema "huenda".

Mambo yakaenda mbio. Mzee Lerionka aliitwa kituoni akahojiwa tangu asubuhi hadi jioni, mtu wa umri wake, akiwa amekaa kwenye benchi pamoja na wezi wa pikipiki. Hakujibu ila jina lake. Kisha kilitoka kibali cha mahakama, na lundo la mawe likafunuliwa mbele ya ukoo mzima. Mtaalamu wa mifupa, dada mmoja mpole anayeitwa Evelyn, alipiga magoti akafanya kazi kwa brashi na mikono. Wanawake wa boma walisimama wamegeuza migongo. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika vibaya. Kulikuwa na vifungo vya koti la jeshi. Na mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu.

"Viwili viko wapi?" Kandida aliuliza.

"Sijui bado," Evelyn alisema. "Mifupa midogo hupotea. Tafadhali, usiseme kitu mpaka nimeangalia maabara."

Lakini Kandida alikuwa amekwisha sema, kwa sauti iliyowafikia wote: "Walikata kwa ajili ya pete."

Lesian alimtazama kama mtu aliyetemewa mate. Mzee Lerionka hakuinua kichwa. Bibi Nashipae, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda, aliuliza kwa Kimaa amesema nini yule mama, na hakuna aliyemtafsiria.

Siku zilizofuata Kandida hakulala vizuri, ingawa alijiambia kwamba anayeamka usiku ni mwenye hatia, si yeye. Chama cha ng'ambo kilirudia kwamba orodha ina watu watatu. Jeshi lililomiliki ndege lilijibu hivyohivyo. Kwa hiyo walikuwa na maiti ambaye hakuna aliyewahi kumpoteza. Hilo lilimkera kuliko yote. Kila mtu aliyekufa kuna anayemtafuta. Kama hatafutwi, ama hakupendwa, ama jina lake lilifutwa mahali.

Ni katika kuchokonoa huko ndipo neno la bibi lilipomrudia. Tengeru. Yeye, aliyepita Tengeru maisha yake yote, aliyenunua ndizi pale, alikuwa amesahau kitu ambacho kila mtoto wa huko anakijua: kwamba wakati wa vita ileile Wapolandi wakimbizi, akina mama na watoto wengi, waliletwa kuishi Tengeru, na makaburi ya waliofia huko yapo hadi leo, yana ukuta na mlinzi.

Mlinzi alikuwa mzee Abdiel, Mmeru mwenye koti lililoshonwa viwiko, aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake. Kandida alimkuta anapalilia.

"Baba Abdiel, kuna mama humu aliyekuwa na mtoto mwanajeshi? Wa ndege?"

Abdiel aliegemea jembe. "Wapo waliokuwa na watoto jeshini. Wa ndege ni mmoja ninayemjua. Wiktoria, yule pale chini ya msonobari. Lakini huyo ndugu zake hawakupenda kuulizwa habari za kijana."

"Kwa nini?"

"Jeshini walisema alitoroka. Aliomba ruhusa aje kumwona mama yake, akanyimwa, siku iliyofuata hakuonekana kambini Nairobi. Mama alikuwa anasimama barabarani kila gari likija. Baba yangu alimwona kwa macho. Wenzake wakaanza kumsengenya kwamba amemlea mtoro. Akafa hivyo."

Kandida alikaa juu ya ukuta wa kaburi bila kuomba radhi.

"Ana mtu aliyebaki?"

"Mjukuu wa kike. Anakaa Uingereza. Halina. Huja kila baada ya miaka kadhaa, analeta mishumaa."

Alipopata namba na kupiga, mama mzee alitokea kwenye kioo cha simu, nywele nyeupe zimefungwa nyuma, na uso uliokunjwa tayari kwa ugomvi.

"Unataka nini?"

Kandida alijieleza. Alipofika kwenye ndege, Halina alimkatisha.

"Sikiliza. Mimi si mjinga. Kila mwaka kuna mtu ananipigia kutoka mahali fulani, ana urithi wangu, ana mzigo wangu, anataka nilipie forodha. Wewe umepata mifupa ya mjomba wangu. Vizuri. Sasa niambie nilipie nini."

"Hulipi kitu."

"Basi sema kitu kimoja ambacho huwezi kukisoma kwenye kaburi la bibi yangu."

Kandida alikuwa na nini? Vifungo vya koti, ambavyo kila askari anavyo. Paja lililovunjika. Na jambo moja ambalo aliona aibu kumwambia mtu wa marehemu, maana lilikuwa tuhuma yake mwenyewe.

"Mkono wake wa kushoto," alisema mwishoni, "hauna vidole viwili. Cha mwisho na kinachokifuata. Nasikitika. Nadhani waliomkuta walivikata."

Halina aliweka simu mezani, dari ya nyumba yake ikaonekana, na Kandida akasikia mtu mzima analia bila kujizuia. Baadaye uso ulirudi.

"Hakuna aliyevikata," Halina alisema. "Viligandishwa na baridi Siberia, kabla hawajaja Afrika. Mama yangu alikuwa anamshika mkono huo walipokuwa wanatembea. Mama alikuwa mdogo, alidhani wanaume wote wana vidole vitatu. Anaitwa Zygmunt. Hukuambiwa na mtu?"

"Sikuambiwa na mtu."

"Kwa hiyo alikuwa anakuja. Hakutoroka. Alikuwa anakuja kwa mama yake."

Majibu ya Evelyn yalikuja baada ya siku chache, yakasema hivyohivyo: mifupa ya vidole ile ilikuwa imepona zamani, miaka kabla ya kifo. Alama ya kisu hakuna popote. Kilichomuua ni lile paja.

Polisi walifunga faili. Kandida angeweza kuishia hapo. Badala yake alipanda Oldonyo Sambu peke yake, na kwa sababu kwao Kibosho mtu akikosa sana humpelekea mwenzake jani la sale, na jani hilo halikataliwi, alikata moja kwenye uzio wa kanisa akalibeba kwa mikono miwili.

Mzee Lerionka alilitazama bila kulipokea.

"Hili kwetu ni la kupanda mpakani," alisema. "Umeniletea mpaka tena?"

"Kwetu ni la kuomba msamaha, baba."

Bibi Nashipae alicheka, kicheko kidogo cha kikongwe, akanyoosha mkono hewani hadi alipolipata lile jani. "Mwache akae," alisema. Na siku hiyo mdogo wake hakumzuia, bibi akasimulia.

Wakati ule bibi alikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Waliusikia mlio mlimani, kisha kimya, na baba yao akapanda na wanaume wawili. Mmoja aliyekuwa ndani alikuwa hai, ananing'inia kwenye mkanda. Baba ndiye aliyeukata kwa sime. Wakamteremsha kwenye ngozi ya ng'ombe. Alikunywa maziwa. Hawakuelewa lugha yake, na yeye hakuielewa yao, ila mara kwa mara alionyesha upande wa jua kuchomoza akasema Tengeru. Baba alitaka kumpeleka huko akipona kidogo tu. Akafa kabla.

"Kwa nini hamkusema?" Kandida aliuliza. "Hata kwa polisi, baba, hata siku ile?"

"Mzungu amefia nyumbani kwako, wakati ule," Lerionka alisema. "Nani angekuamini kwamba ulimpa maziwa? Baba alituambia tunyamaze, tumwekee majani, tusimtaje. Nikasema labda nyakati zimebadilika. Ukaja wewe." Aligeuza fimbo magotini. "Usiniambie uliniuliza. Uliuliza kama mtu aliyekwisha jua."

"Ni kweli, baba," alisema Kandida.

Halina alikuja msimu wa kiangazi. Alitaka Zygmunt akalale kando ya mama yake, na kwa hilo alikwenda mwenyewe Oldonyo Sambu kuomba, Lesian akimtafsiria. Ukoo ulibishana siku nzima. Wengine walisema mtu waliyemwekea majani miaka yote ni wao. Wengine walihofia kwamba sanduku la mifupa likishatoka maabara litapelekwa kusikojulikana, na majina yao yatabaki kwenye karatasi za watu. Mwishoni mzee Lerionka alikubali kwa sharti moja: yeye atafuatana nalo hadi litakapofukiwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Kasisi alisali kwa Kipolandi na kwa Kiswahili. Bibi Nashipae alishikwa mkono na Halina, au Halina alishikwa na bibi. Wote wawili walikuwa wazee kiasi kwamba ilikuwa vigumu kujua nani anamwegemea nani. Halina aliuliza kama mjomba wake aliumia sana, na bibi, baada ya kutafsiriwa, akasema ndiyo, aliumia, lakini hakuachwa peke yake hata mara moja. Halina akaitikia kwa kichwa. Alionekana kuamini kwa sababu ya ile "ndiyo".

Watu walipoanza kutawanyika kwenda kunywa chai kwa mzee Abdiel, Lerionka alibaki ameegemea fimbo, anatazama koleo zinavyoshuka na kupanda, hadi udongo ulipofika juu na kusawazishwa. Hapo tu ndipo alipogeuka, akamkuta Kandida nyuma yake.

"Wale watatu wa mlimani," alisema. "Ndugu zao wamepatikana?"

"Wawili wamepatikana, baba. Wa mwongoza njia bado. Jina lake lilikuwa la kawaida sana, na mji aliotoka siku hizi una jina jingine."

Mzee alifikiri. "Kuna kitu kingine kilichoteremshwa kule juu siku zile. Kiko kwa watu wa ukoo, si kwangu. Sisemi ni nini."

Kandida alijikuta anataka kuuliza mara moja ni nini, kiko kwa nani, kwa nini hakikutajwa wakati wote huu. Alihisi ile hali ya zamani ikimpanda kifuani, macho yakimtafuta mzee usoni. Lerionka aliona, akamsubiri.

"Ukipenda, nitakuja siku utakayosema," alisema Kandida.

"Nitazungumza nao kwanza. Wakikataa, wamekataa."

"Sawa, baba."

Mzee alimtazama kidogo zaidi, kama mtu anayeangalia ng'ombe na hajajua bado kama atamnunua, kisha akaenda zake taratibu kuelekea ilipokuwa chai.